Nimonia ya bakteria, au nimonia tu?

Mtoto wa miezi 14, kalazwa siku nne wodi ya watoto. Kwenye nafasi ya ugonjwa daktari kaandika neno moja, nimonia. Chini yake zimepangwa dawa: ampisilini na jentamisini, kisha siku ya tatu seftriaksoni. Mwisho kabisa wa faili, nyuma ya chati ya joto, kuna karatasi ya maabara iliyobanwa kwa pini. Damu imeoteshwa kutafuta vimelea, ameota Streptococcus pneumoniae, bakteria aitwaye pia pneumokokasi. Majibu yalirudi siku mbili baada ya mtoto kuruhusiwa, na hakuna daktari aliyeyasaini.

Kazi yangu ni kumbukumbu za afya, kugeuza maneno ya daktari kuwa misimbo ya ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa. Nimonia isiyotajwa kimelea ni J18.9. Daktari akiandika "ya bakteria" bila kusema bakteria yupi, inakuwa J15.9. Akimtaja huyu wa kwenye karatasi ya maabara, ni J13. Mtoto yule alistahili J13, ila kwenye takwimu kaingia J18.9, kwa kuwa anayeweka msimbo haruhusiwi kusoma majibu ya maabara akajipa udaktari. Ugonjwa anautaja aliyemtibu mgonjwa. Nililirudisha faili wodini kuuliza. Daktari alishahamishwa, na ripoti ya mwezi ilikuwa inafungwa.

Kwa hiyo nawaelewa wenzangu wanaoichukia J18.9. Wanasema mgonjwa aliyechomwa sindano za antibiotiki siku nne ametibiwa bakteria, basi iandikwe hivyo. Mkaguzi wa madai ya bima naye akiona dawa nzito juu ya ugonjwa usioelezwa, anaweka alama nyekundu, na hospitali inabaki kudai fedha za dawa ambazo mgonjwa alizipata kweli. Hoja yao yenye uzito kuliko zote, kwangu, inatoka hospitali ya Kilifi, pwani ya Kenya. Pale watoto wanaolazwa wameoteshwa damu kwa utaratibu tangu 1998. Kenya ilipoanza PCV10, chanjo dhidi ya pneumokokasi, mwaka 2011, watafiti waliweza kuonyesha kwamba maambukizi makali ya aina za pneumokokasi zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa 92% kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa rundo la J18.9 wasingeweza kuonyesha hilo, kwa kuwa msimbo huo hautaji kimelea. 

Lakini Kilifi hiyohiyo inatoa jibu la upande wa pili. Ilikuwa miongoni mwa vituo vya PERCH, utafiti wa visababishi vya nimonia kwa watoto, uliofanyika katika nchi saba za Afrika na Asia na kuchapishwa 2019. Kwa watoto wasio na VVU waliolazwa na nimonia kali iliyoonekana kwenye picha ya kifua, virusi vilikadiriwa kusababisha 61% ya ugonjwa, bakteria 27%. Sasa mwambie daktari aandike "ya bakteria" kwa kila aliyepewa antibiotiki! Dawa huanzishwa kwa tahadhari, kwa sababu mtoto anayevuta pumzi kwa shida hawezi kungoja maabara. Tahadhari hiyo ni ya haki kabisa kitandani, ila haithibitishi bakteria. Ndiyo maana napenda vitabu vyetu Tanzania vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, vya wagonjwa wa nje vinavyoitenga nimonia kali na isiyo kali tu. Vinauliza kile ambacho mhudumu anaweza kukiona.

Kuna jambo watu wa nje ya fani hii hawalijui, nalo linanikosesha raha. Kanuni za ICD-10 zinasema ugonjwa uliobaki "unashukiwa" hadi mwisho wa matibabu, bila maelezo zaidi, unapewa msimbo kana kwamba umethibitika. Msimbo hauna mahali pa kuweka shaka. Daktari mkweli akiandika "inashukiwa ya pneumokokasi", kwangu inatoka J13, sawa na ya yule aliyeoteshwa damu. Lile "inashukiwa" linabaki kwenye faili, na ofisi za juu hazioni faili.

Mahali ambapo msimbo unafuatwa na pesa, mwanya huo hutafutwa. Marekani miaka ya 1990, baadhi ya hospitali zilibainika kuandika nimonia za kawaida kama za "bakteria wengine waliotajwa", msimbo uliolipwa zaidi na bima ya serikali ya wazee. Wizara ya Sheria ikawafuatilia, na hospitali kadhaa zikarudisha fedha. Kwetu malipo hayajapangwa kwa namna ile, lakini sioni kwa nini tusubiri yafike huko.

Mimi nasimama na J18.9 pale ambapo hakuna aliyepima. Ni msimbo wa kweli, na mkurugenzi anayeona 90 kati ya nimonia 100 zimeandikwa hivyo ajue kwamba maabara yake haioteshi damu, asiwagombeze watu wa kumbukumbu. Ninachopigania ni mstari mmoja zaidi kwenye muhtasari wa ruhusa: kwa nini dawa ilibadilishwa siku ya tatu, homa ilikuwa ngapi, picha ya kifua ilionyesha nini, damu ilichukuliwa au la. Mstari huo unamtosha mkaguzi kuliko neno "bakteria" lililobandikwa tu. Tena awepo mtu mmoja wodini, kwa jina, wa kupokea majibu yanayochelewa na kumpelekea daktari asaini hata kama kitanda kina mgonjwa mwingine.

Faili la yule mtoto nimeliacha na J18.9. Karatasi ya maabara nimeitoa nyuma ya chati ya joto na kuibana mbele, juu ya muhtasari, ili siku mama yake akimrudisha na kifua, atakayelifungua aanze na hiyo.