Maktaba ituchagulie vitabu vya kusoma au ituachie wenyewe?

Kila maktaba ya umma ikitoa orodha yake ya vitabu vipya vya kusoma, hasa vile visivyo vya hadithi, yaani wasifu, historia, afya, biashara, sheria na kadhalika, ubishi ni uleule. Kuna wanaosema hiyo ndo kazi ya mkutubi, asome, achuje, atuambie tuanze na kipi. Na kuna wanaosema hapana, maktaba inaendeshwa kwa kodi zetu, ilete tunachokitaka ituache tusome kwa amani, mambo ya kupangiwa cha kusoma tuliyamaliza shule. Mimi niko na hao wa kwanza ila kwa masharti, na masharti yenyewe ndo yamebeba uzito wote.

Tuanze na hawa wa "leteni tunachotaka" maana hoja wanayo. Pita Posta pale Dar, au Nairobi upande wa Tom Mboya Street, uangalie vitabu vilivyotandazwa chini. Utakutana na Robert Kiyosaki, utakutana na Napoleon Hill, vya kupata utajiri, vya kuamka alfajiri, vya kuacha uvivu, vingine kopi ya kopi mpaka kurasa zimefifia, na watu wanatoa hela mfukoni wananunua. Wasomi wetu wanavicheka hivi vitabu vya motivesheni, lakini hebu angalia wenzetu. Mwaka 2020 New York Public Library ikitimiza miaka 125 ilitoa orodha ya vitabu 10 vilivyoazimwa zaidi tangu ianze, na kati ya hivyo 10 kisicho cha hadithi kilikuwa kimoja tu, cha Dale Carnegie cha mwaka 1936 kinachofundisha jinsi ya kupata marafiki na kuwashawishi watu. Kimeazimwa mara 284,524. Sio historia ya Marekani, sio wasifu wa rais yeyote, motivesheni! Kwa hiyo kijana wa Kariakoo anayetafuta kitabu cha kumfundisha kuongea na wateja hajapotoka popote, anataka kilekile ambacho watu wa New York wamekitaka miaka na miaka, na maktaba inayomwona mshamba inajidanganya.

Orodha hiyohiyo ina kisa kingine kinachowapa nguvu hawa jamaa. Kuna kitabu maarufu sana Marekani cha kuwalaza watoto, Goodnight Moon, kilichotoka 1947, nacho hakikuingia kwenye zile 10. Maktaba yenyewe ikaeleza kwa nini: Anne Carroll Moore, mkutubi aliyekuwa na sauti kubwa pale kwenye mambo ya vitabu vya watoto, hakukipenda kabisa, na maktaba ikakaa bila kukiweka mpaka 1972. Miaka 25 hiyo! Ladha ya mtu mmoja, tena mtu aliyeijua kazi yake vizuri kabisa, ikawanyima watoto wa jiji zima. Ni kitabu cha watoto, sawa, lakini ukinambia mkutubi ndo mchujaji nakuuliza, na yeye mkutubi nani anamchuja?

Sasa hapo ndo watu wengi huwa wanafunga mjadala, wanasema basi asichague mtu. Tatizo ni kwamba rafu isiyochaguliwa na mtu haipo. Mkutubi akikaa kimya anachagua mwingine. Huku kwetu vitabu vingi vya maktaba za umma vimekuja kwa misaada, shirika la Book Aid International la Uingereza peke yake iko kwenye kazi hii tangu 1954, na sikatai wametusaidia sana, ila mnyororo wenyewe uko wazi: mchapishaji wa Uingereza ndo anatoa anachoweza kutoa, wao wanachuja, sisi tunapokea. Kwa hiyo uchaguzi ushafanyika kabla boksi halijafika bandarini. Au chukua maktaba ya McMillan ya Nairobi, lile jengo la 1931 lenye simba wa mawe mlangoni, lilijengwa kwa ajili ya wazungu peke yao na kwa miaka mingi Mwafrika haruhusiwi kuingia kusoma. Unadhani vitabu vyake vilichaguliwa kwa kumfikiria nani? Waliokuja kuikarabati pamoja na maktaba za Kaloleni na Makadara, shirika la Book Bunk, hawakurithi jengo tu, wamerithi na machaguo ya watu waliokufa zamani.

Halafu vitabu vya aina hii sio sawa na riwaya. Riwaya mbaya inakupotezea jioni mbili tatu, umeiacha umechukua nyingine. Kitabu cha afya kilichopitwa na wakati kinaweza kukuumiza. Mfano mmoja, matibabu ya VVU. Kuna kipindi miongozo ilikuwa inasema mgonjwa asubiri mpaka CD4, yaani chembe za kinga ya mwili, zishuke chini ya kiwango fulani ndo aanze dawa, kiwango chenyewe kikawa kinabadilika badilika, mpaka 2015 WHO, Shirika la Afya Duniani, ikasema kila mwenye virusi aanze dawa bila kujali CD4 ziko ngapi. Sasa kitabu cha 2005 kinachomwambia msomaji asubiri, kikiwa bado kinang'aa kwenye rafu ya 600, namba ya maktaba inayobeba vitabu vya afya na teknolojia, hakina ubaya wowote wa kuonekana kwa macho, karatasi nzuri, picha nzuri, na mtu wa kawaida hana namna ya kujua. Vitabu vya sheria na uraia vivyo hivyo, Kenya kitabu cha kabla ya katiba ya 2010 kitakufundisha mikoa 8 wakati nchi ina kaunti 47. Hapa mtu akinambia maktaba isielekeze wasomaji namwona hana huruma. Mkutubi anatakiwa aelekeze, na zaidi ya kuelekeza aondoe vya zamani, ingawa kuondoa ndo kugumu maana hesabu ya vitabu ikipungua bosi anauliza.

Ila ugonjwa wa orodha nyingi uko kwenye hilo neno vipya lenyewe. Kwenye afya, sheria, kodi, kompyuta, upya ni uhai. Ukishafika rafu ya 900 kwenye historia na wasifu, upya hauna maana kubwa hivyo, na orodha inayopanga kila kitu kwa tarehe ya kutoka inakuwa tangazo la duka. Wasifu wa Mkapa ulitoka 2019 kwa Kiingereza, wa Mwinyi ukatoka 2021 kwa Kiswahili, ukiziangalia orodha kwa macho ya upya wa Mwinyi unaupiku wa Mkapa kwa miaka miwili tu, tofauti isiyo na maana yoyote. Kinachomhusu msomaji wa Lindi au Kigoma ni kwamba mmoja anaweza kuusoma na mama yake akausoma pia, mwingine unamtaka awe na Kiingereza cha kutosha. Hilo orodha ingelisema, ingekuwa imefanya kazi.

Na historia ndo mahali penye moto hasa, hapa ndo naona wote wawili wanakimbia. Mohamed Said aliandika kitabu cha maisha ya Abdulwahid Sykes, mmoja wa wanaharakati wa mwanzo wa siasa za Tanganyika, kikatoka kwa Kiingereza London 1998, baadaye kikaja kwa Kiswahili, na hoja yake kubwa ni kwamba historia rasmi ya TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, imewaacha nje watu walioianza harakati, wengi wao Waislamu wa Dar. Harith Ghassany naye 2010 akatoa kitabu chake juu ya mapinduzi ya Zanzibar kilichojaa simulizi za watu, mpaka leo kikitajwa watu wanagombana. Maktaba ya umma ivipendekeze? Mtu wa "tuleteeni tunachotaka" atasema ndiyo maana vinaulizwa, lakini huyo huyo hatajali kama msomaji atasoma upande mmoja akaamini kamaliza. Mkutubi muoga naye atavipita aweke wasifu wa mfanyabiashara fulani wa Marekani, hakuna atakayepiga simu kulalamika.

Mimi ningeviweka, ila viwili viwili. Cha Mohamed Said kikae na kile cha Chuo cha Kivukoni, chuo cha chama, cha historia ya TANU 1954 hadi 1977, ambacho ndo mojawapo ya anavyovijibu, halafu msomaji aone mwenyewe nani katajwa wapi na nani hajatajwa. Hapo mkutubi hajampangia mtu cha kuamini, kampa kazi ya kufanya. Watasema huo ni usomi mwingi kwa mtu wa kawaida. Jamani, mtu wa kawaida anabishana siasa kijiweni kuanzia saa 11 jioni mpaka usiku, kulinganisha vitabu viwili kutamshinda?

Sharti lingine ni jina. Orodha nyingi zinaandikwa "maktaba inapendekeza", sasa maktaba ni jengo, jengo halisomi. Aandike mtu, kitabu hiki nimekisoma mimi fulani wa kitengo fulani, kizuri hapa, kimepwaya hapa, kinamfaa nani. Akikosea tutajua wa kumwuliza, na ladha yake tukishaizoea tutajua lini tumfuate na lini tumpite. Ladha ya yule mama wa New York isingefanya madhara makubwa kama angeishia kusema mimi sikukipenda, badala ya kukizuia. Motivesheni nayo iwemo, ila iambatane na sentensi mbili tatu za ukweli, kwamba mfano kitabu cha uwekezaji wa nyumba cha Marekani kimeandikwa kwa nchi ambayo mkopo wa nyumba ni wa miaka 30 na riba haina uhusiano na ya kwetu.

Na mwisho kuna suala ambalo pande zote mbili huwa wanalisahau, nakala. Orodha inatangazwa, picha za majalada zinapendeza, unaenda unakuta nakala ni moja, tena ya kusomea humohumo. Nakala ambazo sheria inawataka wachapishaji wazipeleke zinatakiwa zihifadhiwe, sio za kuzungushwa kwa waazimaji, kwa hiyo zisihesabiwe. Orodha ya vitabu 30 vya nakala mojamoja inamsaidia aliyeiandika tu. Bora vitabu 5, nakala 10 kila kimoja, angalau 3 viwe vya Kiswahili, na zigawanywe Mwanza, Tanga, Dodoma na Moshi, zisibaki zote pale maktaba kuu ya Dar, barabara ya Bibi Titi.