Mzee Akilazwa, Tumwage Kwanza Mfuko Wake wa Dawa

Bibi huyo alikuwa na miaka 78 na kilo 42. Mjukuu wake alimleta alfajiri baada ya kumkuta ameanguka mlangoni mwa choo, jasho limemlowesha, maneno hayaeleweki. Sukari ilipopimwa ilikuwa 2.4, imeshuka mno. Akawekewa dripu ya glukosi, akazinduka, na kwenye faili pakaandikwa maelezo ya mjukuu: siku hizi bibi anasahausahau na kuangukaanguka, ni uzee.

Mimi ni mfamasia katika hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Tanzania, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni wazee waliolazwa. Neno "uzee" likiandikwa kama chanzo cha ugonjwa huniuma, maana mara nyingi hakuna aliyeuliza mzee anameza nini. Nilimwomba yule kijana arudi nyumbani alete kila dawa ya bibi, hata zilizo chini ya mto. Akaja na mfuko wa kitambaa wa sokoni. Tukaumwaga kwenye meza ya wauguzi.

Palikuwa na visanduku viwili vyenye majina tofauti ya kibiashara. Herufi ndogo za chini zilitaja dawa ileile moja: amlodipini, ya presha. Kimoja kilitoka kliniki, kingine alikinunua duka la dawa siku ambayo kliniki iliishiwa. Jina lilikuwa geni kwake, akaamini ni dawa nyingine, akawa anameza zote. Amlodipini ikizidi huvimbisha miguu. Miguu ikavimba kweli, akaenda zahanati, akapewa furosemidi ya kupunguza maji mwilini. Bahasha iliandikwa "1x2", basi moja alimeza asubuhi na nyingine wakati wa kulala. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ikimwamsha usiku wa manane kwenda choo cha nje, gizani. Hakuna aliyemtakia mabaya katika safari yote hiyo. Kila mmoja alitibu alichokiona siku ile.

Chini ya mfuko tukakuta metformini na glibenklamidi, zote za kisukari. Glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu, na mabaki yake, ambayo bado yana nguvu ya kushusha sukari, hutolewa na figo. Daktari wa zamu aliniambia figo ziko salama: kreatinini, taka ya damuni ambayo figo huichuja, ni 97, ndani ya kiwango cha kawaida. Karatasi ya maabara ilisema hivyo. Lakini kreatinini hutokana na misuli, na bibi wa kilo 42 ana misuli kiasi gani? Nikachukua kalamu, nikapiga hesabu ya Cockcroft na Gault, inayotumika tangu 1976 kukadiria kasi ya figo kuchuja damu, ambayo huingiza pia umri, uzito na jinsia. Jibu likaja mililita 28 kwa dakika. Kijana mwenye figo nzima hufika 100 na kuzidi. Chini ya 30 metformini haitakiwi, na glibenklamidi imo kwenye orodha ya Beers, iliyoanza Marekani mwaka 1991, miongoni mwa dawa za kuepukwa kwa wazee.

Tulizisimamisha zote mbili na furosemidi pia, tukabakiza amlodipini moja. Hatukumruhusu kuondoka siku hiyo, kwa sababu glibenklamidi inaweza kuishusha sukari tena saa nyingi baadaye. Siku ya tatu nilimkuta amekaa kitandani, anamtajia muuguzi majina ya wajukuu wake wote, mmoja baada ya mwingine.

Nalithamini dirisha la wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua mtu wa miaka 60 na zaidi kuwa mzee, na leo bango la kutaka mzee apishwe apate huduma utaliona hospitali nyingi. Ni heshima anayostahili. Ila dirishani mzee anapewa bahasha ya leo tu, na bahasha za miezi sita iliyopita ziko nyumbani. Ninachotaka ni mfamasia mmoja aingie kwenye raundi ya wodi pamoja na madaktari, na asiandikiwe mzee dawa mpya kabla za zamani hazijamwagwa mezani. Najua tu wachache, na siku nyingi huishia kwenye hesabu za stoo na oda za Bohari ya Dawa. Lakini kuumwaga mfuko na kuupitia kulichukua chini ya saa moja, ilhali kulazwa kulimgharimu bibi yule siku tatu.

Ukiumwaga, zitafute hasa dawa zinazoonekana ndogo. Piritoni ya mafua na amitriptilini ya ganzi za miguu zinaweza kumchanganya mzee akili, kumzuia mkojo na kumfunga choo. Diklofenaki, inayouzwa karibu kila duka, huumiza figo zilizochoka, hasa kwa anayemeza enalaprili ya presha na dawa ya kupunguza maji.

Siku ya kuruhusiwa niliketi naye na mjukuu. Nilichora jua kwenye bahasha ya amlodipini, nikamwomba anieleze mwenyewe ataimezaje. Akaeleza bila kukosea. Nikamuuliza kama kuna dawa nyingine yoyote tuliyoisahau.

Alinyamaza kidogo, akamwangalia mjukuu, kisha akafungua pindo la kanga. Ndani palikuwa na vidonge sita vya diklofenaki, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti.

"Hivi ni vya magoti, mwanangu. Jirani ndiye hunigawia. Navyo ni dawa?"

Nikavuta kiti karibu zaidi, tukaanza kuzungumza kuhusu magoti.