Acheni kubishana rangi ya chambo, ngisi hana habari nayo

Kila nikikaa na watu wa mshipi swali ni lile lile, we unatumia rangi gani, pinki au machungwa? Aisee nimechoka. Ngisi karibu wote hawaoni rangi, yale macho makubwa vile yanashika tofauti ya mwanga na giza, basi, kwa hiyo hiyo pinki umejinunulia wewe. Mi nabeba kimoja cheusi na kimoja kinachong'aa gizani, na maisha yanaenda.

Cha kuangalia ni kinazama kwa spidi gani. Vile vichambo vya bandia vyenye umbo la kambamiti, Wajapani wanaviita egi, vina saizi 2.5, 3, 3.5 na kuendelea, lakini saizi ile ile unakuta kuna kinachozama haraka na kinachozama taratibu na hapo ndo watu wanapotea. 3.5 ya kawaida inachukua kama sekunde 3 hivi kushuka mita 1, yaani penye kina cha mita 6 unahesabu mpaka 17, 18 ndo unavuta, usipohesabu utakuwa unavua mwani usiku kucha. Maji mafupi weka cha taratibu, mkondo ukikaza weka kizito. Halafu kabla hujarusha mbali kitupe hapo miguuni ukiangalie, kinatakiwa kishuke kimeinamisha pua, mkia juu, kimetulia, kikianza kuzungukazunguka kama jani jua kile kirisasi cha chini kimepinda.

Kutikisa sasa. Mi nilipoanza nilikuwa natikisa bila kupumzika, mkono unauma, sipati kitu, na mzee mmoja pembeni yangu anatoa wa tatu huyo. Nikamuuliza, mzee mbona wewe tu? Akacheka, "Mwanangu, unamfukuza huyo, hebu mwachie ale." Ndo nikaelewa, kutikisa ni kumwita tu, mara mbili juu kwa nguvu, halafu unaacha kishuke, maana ngisi anakamata wakati chambo kinashuka. Na wala hasikiki kama samaki anayegonga, unaona tu mshipi umelegea kabla hesabu haijaisha, au unakwenda pembeni polepole, au chambo kimekuwa kizito kama kimeokota mfuko wa plastiki. Hapo inua.

Ukishainua usilegeze hata kidogo! Zile sindano za mkiani mwa chambo hazina ile ncha ya kurudi nyuma ya ndoana za kawaida, ukilegeza tu anachomoka, ila pia usikurupuke kuvuta kwa nguvu, mara nyingi kilichonasa ni mnyiri mmoja tu na unakatika, unabaki na kipande kinachezacheza kwenye chambo. Breki ya rili iwe laini, akitaka kwenda mwache aende kidogo, anachoka.

Akifika juu ya maji msubiri ateme wino huko huko kabla hujamtoa, na umgeuzie upande mwingine. Shati langu la kijivu hili mnaloliona lilikuwa jeupe.