Vidonge vya mifupa: nani aogope nini

Oktoba 2010, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliagiza onyo jipya liwekwe kwenye dawa za bisfosfoneti, ambazo wanawake wengi waliokoma hedhi huandikiwa mifupa yao inapokonda: mtumiaji wa muda mrefu anaweza kuvunjika paja bila ajali ya maana. Kabla ya hapo, mwaka 2003, daktari wa upasuaji wa kinywa Robert Marx alikuwa ameripoti wagonjwa 36 ambao mfupa wa taya ulikufa na kubaki wazi mdomoni. Habari ziliposambaa, watu walitupa vidonge. Kati ya 2008 na 2012 matumizi yake Marekani yalishuka kwa zaidi ya nusu.

Tangu hapo kuna kambi mbili. Moja inasema hofu imevunja nyonga nyingi kuliko dawa ilivyovunja mapaja. Nyingine inauliza, kwa haki kabisa, dawa ya kuzuia kuvunjika inawezaje kuvunja.

Jibu la swali hilo liko kwenye namna mfupa unavyoishi. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya kila siku. Seli bomozi hula sehemu iliyochoka, seli jenzi huziba shimo. Hedhi ikikoma na homoni ya estrojeni ikashuka, wabomozi huwashinda wajenzi. Bisfosfoneti hunata kwenye madini ya mfupa, na seli bomozi inayokula hapo hulemaa. Uzito wa mfupa unabaki. Lakini kazi ya wabomozi ilikuwa pia kuondoa nyufa ndogo ndogo zinazotokana na kutembea na kubeba mizigo. Ukiwazuia kwa miaka mingi, nyufa hizo hubaki, na mahali penye mkazo mkubwa, upande wa nje wa paja, zinaweza kuungana. Faida na madhara yanatoka kwenye kazi ile ile moja.

Sasa hesabu. Utafiti wa FIT uliotolewa 1996 uliwafuatilia kwa takriban miaka 3 wanawake 2,027 ambao tayari walikuwa na pingili ya mgongo iliyobonyea. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, 2.2% walivunjika nyonga. Waliopewa alendroneti, aina moja ya bisfosfoneti, 1.1%. Pingili mpya zilizovunjika zilishuka kutoka 15% hadi 8%. Mwaka 2007 utafiti wa HORIZON, wenye wanawake zaidi ya 7,700, ulijaribu zoledroneti, bisfosfoneti nyingine, miligramu 5 kwa dripu mara moja kwa mwaka: pingili kutoka 10.9% hadi 3.3%, nyonga kutoka 2.5% hadi 1.4%.

Anayetangaza dawa atasema "imepunguza kwa nusu". Mwenye shaka atasema "imemsaidia mmoja kati ya tisini". Kwa nyonga za FIT wote wawili wamesema kweli, na ndiyo maana mabishano hayaishi. Ila nyonga si kidole. Katika nchi zenye takwimu nzuri, takriban mmoja kati ya watano wanaovunjika nyonga uzeeni hufariki ndani ya mwaka, na wengi wa waliobaki hawarudii mwendo wao wa zamani.

Hoja nzito ya wenye shaka haimo hata kwenye taya wala paja. Imo kwenye sehemu ya pili ya FIT, ya 1998, iliyochukua wanawake 4,432 ambao pingili zao zilikuwa nzima. Dawa iliwasaidia wale ambao kipimo cha uzito wa mfupa kilionyesha alama ya T (inayolinganisha mfupa na wa kijana mwenye afya) ya -2.5 au chini zaidi. Waliokuwa juu ya hapo hawakupata nafuu iliyoonekana. Kwa hiyo mama wa miaka 54 mwenye alama ya -1.6, asiyewahi kuvunjika, asiyetumia steroidi, akiandikiwa kidonge cha kila wiki kwa sababu tu ripoti imesema mifupa "imeanza kupungua", ana haki ya kuuliza maswali. Hapo mimi niko na wenye shaka.

Kwa aliyekwisha kuvunjika pingili au nyonga mambo yanageuka. Mwaka 2020 ulichapishwa uchambuzi wa wanawake 196,129 waliotibiwa na shirika la afya la Kaiser Permanente, Kusini mwa California. Mapaja yaliyovunjika kwa namna ile ya ajabu yalikuwa 277. Kwa kila wanawake Wazungu 10,000 waliotumia dawa miaka 3, nyonga 149 ziliepushwa na mapaja 2 yakavunjika. Kwa wenye asili ya Asia, 91 kwa 8. Hesabu hizo mbili ni za jamii hizo. Mwanamke wa Tanga asizichukue kama zake neno kwa neno. Linalomhusu kila mtu ni muda: hatari ya paja ilipanda kadiri miaka ilivyoongezeka, hasa ikipita 8, na ilishuka upesi dawa ilipoachwa, ilhali kinga ya mifupa hudumu kiasi.

Ndiyo sababu jopo la ASBMR, chama cha Marekani cha watafiti wa mifupa, lilishauri mwaka 2016 kwamba hali ipimwe upya baada ya miaka 5 ya vidonge au 3 ya dripu. Mwenye hatari ndogo apumzike. Mwenye hatari kubwa aendelee hadi miaka 10 ya vidonge au 6 ya dripu. Utafiti wa FLEX, mwendelezo wa FIT, uliunga mkono hilo: walioendelea hadi mwaka wa 10 walivunjika pingili zenye dalili 2.4%, walioacha mwaka wa 5 wakavunjika 5.3%, lakini mifupa mingine haikutofautiana. Maumivu ya paja au kinena yasiyo na sababu kwa mtumiaji yasipakwe dawa ya kuchua yakaishia hapo. Piga eksirei ya paja zima, miguu yote miwili, kwa kuwa ufa huweza kuonekana wiki au miezi kabla ya mfupa kukatika.

Taya limeogopwa kupita kiasi. Wengi wa wagonjwa wa Marx walikuwa na saratani, na wagonjwa wa saratani hupewa zoledroneti miligramu 4 kila wiki 3 au 4, si 5 kwa mwaka. Kwa dozi ya mifupa, makadirio ni kati ya mtu 1 kwa 10,000 na 1 kwa 100,000 kila mwaka. Jino bovu ling'olewe na kidonda kipone kabla ya kuanza, basi.

Kinachoharibu tiba mara nyingi ni mambo ya jikoni. Mwili hufyonza chini ya 1% ya alendroneti hata ikinywewa sawasawa. Kahawa au juisi hupunguza hata hicho kwa zaidi ya nusu, na kalsiamu ya chai ya maziwa huikamata dawa ikapita bure. Kidonge cha miligramu 70 ni mara moja kwa wiki, asubuhi, tumbo tupu, na glasi nzima ya maji matupu, kisha nusu saa bila kula wala kulala. Anayerudi kitandani huacha kidonge kikiunguza umio. Ramadhani kanuni inatimia hata magharibi: afungue kwa kidonge na maji, tende zisubiri nusu saa. Mwenye figo zinazochuja chini ya mililita 35 kwa dakika, dawa hizi hazimfai. Kabla ya dripu, kalsiamu na vitamini D ziwe sawa, jambo la kuangaliwa hasa kwa wanawake wa Ghuba na pwani ambao ngozi yao haipati jua. Homa au maumivu ya mwili ndani ya siku 3 baada ya dripu ya kwanza huwapata karibu theluthi, parasetamoli inatosha.

Hofu ninayotaka ihamie kwingine ni ya denosumabu, sindano ya mifupa ya miligramu 60 kila miezi 6, isiyo bisfosfoneti. Kinga yake ni nzuri sana, ila dawa yenyewe haibaki mfupani. Ikiachwa, wabomozi hurudi kwa kishindo. Katika takwimu za utafiti wa FREEDOM na mwendelezo wake, kuvunjika kwa pingili kulipanda kutoka 1.2 hadi 7.1 kwa kila wanawake 100 kwa mwaka baada ya kuacha, na wengi wa waliovunjika walivunjika pingili zaidi ya moja. Anayetaka kuiacha huvushwa kwa bisfosfoneti, mara nyingi dripu ya zoledroneti takriban miezi 6 baada ya sindano ya mwisho. Sindano yenyewe hukaa kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8, na ikitolewa ina wiki chache tu. Mahali ambapo umeme hukatika na duka la dawa hupitisha miezi bila mzigo, kumwanzishia mgonjwa denosumabu ni kumfunga kwenye ratiba ambayo si yake wala ya daktari wake. Zoledroneti ikichelewa miezi kadhaa haina kishindo hicho. New Zealand waliijaribu kila miezi 18 kwa wanawake 2,000 wenye mifupa iliyopungua kiasi, wastani wa umri miaka 71, na kuvunjika kukapungua kwa 37%.