Skrubu Ni Moja Tu

Jamani, aliyesema laptopu inarahisisha maisha aje tuonane.

Draivu yangu ya DVD iligoma. Ukiilisha diski inanguruma kama kinu kisicho na nafaka, halafu kimya. Na mama watoto ameshikilia leo lazima aione harusi yetu. Nikajitapa: mimi sihangaiki na mbovu, naweka mpya, tena ya Blu-ray! DVD ya kawaida inabeba GB 4.7, Blu-ray GB 25. Harusi yenyewe ilikuwa ya saa mbili, lakini nani anakataa nafasi?

Kilichonilevya ni urahisi. Zima laptopu, toa betri, fungua skrubu ya chini, moja tu, vuta. Draivu ikatoka kama droo. Nikaanza kupiga mluzi. Mluzi ukakatika nilipoingiza mpya: haiingii. Nasukuma, haiingii. Kumbe kuna nene za milimita 12.7 na nyembamba za 9.5. Nani kashika nene mbele ya tundu la nyembamba? Mimi. Milimita 3.2! Kitambi changu kimezidi zaidi ya hapo na suruali bado inafunga.

Nikanunua ya pili. Hii ikaingia, soketi ya SATA, ile inayoiunganisha na laptopu, ikakamata. Lakini uso wake wa plastiki umejitokeza ubavuni kama jino lililoota pabaya. Dawa yake ni kuvua uso wa ile ya zamani na kuuhamishia huku, na hauvuliki mpaka trei, ile sahani ya kuwekea diski, itoke. Draivu haina umeme, kwa hiyo unanyoosha kibanio cha karatasi unachokonoa kile kitundu kidogo cha mbele. Kibanio cha kwanza kikapinda. Cha pili kikanichoma kidole. Cha tatu, tak! Trei hiyo nje.

Juu ya lenzi kimelala kipande cha stika ya picha ya harusi, kimebanduka kwenye diski. Nusu ya uso wangu, na tai. Miezi yote leza inahangaika kuona, kumbe bwana harusi ndiye aliyeiziba jicho!

Nikakibandua kwa ukucha, nikarudisha draivu ya zamani na skrubu yake moja. Harusi hiyo, inacheza. Mama watoto akapita, akasimama.

"Kumbe hiyo mpya nzuri hivyo?"

"Sana," nikamwambia.

Zile mbili nimezificha chini ya soksi.