Nani Aamue Kwamba Prosesa Imezeeka?

Desemba 2012 mfumo endeshi wa Linux uliacha kuihudumia prosesa ya 386 ya Intel. Halikuwa jambo dogo, kwa kuwa ni kwenye kompyuta ya 386 ndiko Linus Torvalds alikoianzishia Linux mwaka 1991. Ingo Molnár, mmoja wa watengenezaji wa Linux, aliyeleta mabadiliko hayo, alitoa sababu ambayo mtumiaji wa kawaida haioni: kwa miaka mingi, kila walipotaka kurekebisha namna prosesa kadhaa zinavyoshirikiana ndani ya mashine moja, msimbo wa 386 uliwaongezea kazi. Torvalds aliyapokea bila kinyongo.

Mwaka 2025 Molnár huyohuyo alipeleka mapendekezo ya kuiondoa 486 pia, prosesa iliyotoka 1989. 486 haina amri iitwayo CMPXCHG8B, ambayo hulinganisha na kubadilisha baiti 8 za kumbukumbu kwa mkupuo mmoja. Pentium, prosesa iliyoifuata, ilikuja nayo mwaka 1993. Kwa kuwa 486 haina, Linux hulazimika kuiigiza kwa msimbo wa ziada, na msimbo huo nao una hitilafu zake zinazohitaji mtu wa kuzisaka. Atazisakia kwenye mashine gani? Intel iliacha kutengeneza 486 mwaka 2007. Wapo wanaokumbusha kwamba prosesa hizo ziliingizwa kwenye mitambo ya viwandani, na ni kweli, lakini mtambo ukishafungwa kazini kwa kawaida haubadilishiwi mfumo. Unabaki na toleo la Linux ulilokuwa nalo, wala hakuna anayekuja kulifuta. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na anayedai 486 iendelee kuhudumiwa anadai saa za watu wachache ambao tayari wamezidiwa. Hapa nawaunga mkono wanaoiondoa.

Windows 11 ni habari nyingine, na ndiyo inayotugusa. Ilipotoka Oktoba 2021, Microsoft ilitaka kompyuta iwe na chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, yaani zilizoanza kutoka 2017. Tarehe 14 Oktoba 2025 masasisho ya kawaida ya Windows 10 yakakoma. Sasa pita kwenye maduka ya Nairobi yanayouza mashine za "ex-UK", yaani zilizotumika Uingereza, au ya mitumba Dar es Salaam. Utakutana na HP EliteBook 840 G3, na ndani yake mna Intel ya kizazi cha 6. Iwekee RAM ya GB 8 na SSD, na mwanafunzi ataandika tasnifu yake, mhasibu atafunga hesabu za mwezi, na hakuna atakayelalamika kwamba mashine ni nzito. Kilichozeeka hapo ni nini?

Microsoft ina majibu, na si ya kupuuzwa. Prosesa mpya zina uwezo wa kutenga sehemu nyeti za mfumo ili kirusi kisizifikie, na kwenye prosesa kuukuu ulinzi huohuo hupunguza kasi. Mwaka 2021 kampuni ilieleza kwamba mashine za majaribio zisizotimiza vigezo zilianguka mara nyingi zaidi kwa 52% kwa hitilafu za ndani kabisa ya mfumo. Kompyuta iliyovamiwa pia haimdhuru mwenyewe peke yake. Hutumiwa kuwashambulia wengine.

Lakini Agosti 2021 orodha iliongezewa prosesa chache za kizazi cha 7, mojawapo ikiwa Core i7-7820HQ, iliyomo ndani ya Surface Studio 2, kompyuta iliyotengenezwa na Microsoft yenyewe. Ndugu zake wengi wa kizazi hichohicho waliachwa nje. Linganisha na toleo la 24H2 la mwaka 2024, linalohitaji amri za SSE4.2, zilizokuja na prosesa za Intel za mwaka 2008. Prosesa isiyo na amri hizo haiwashi mfumo kabisa. Mpaka huo umechorwa na chipu. Ule wa kizazi cha 8 umechorwa na watu, na kinachochorwa na watu lazima kijibu nani atalipa.

Anayelipa ni mwenye mashine. Masasisho ya ziada ya Windows 10 yaliwekewa bei ya dola 30 kwa mtumiaji binafsi kwa mwaka mmoja, ingawa zilikuwepo njia za kuyapata bila kulipa, na kwa kampuni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, bei ikipanda maradufu kila mwaka. Shule zilipewa bei nafuu ya dola 1 kwa mashine mwaka wa kwanza, nami naihesabu kuwa hatua nzuri. Kwa ofisi ndogo yenye kompyuta 10 za mitumba, dola 610 zingenunua mashine nyingine kadhaa za mitumba, na zile za mwanzo zingeishia jalalani zikiwa nzima.

Wengi husema tuhamie Linux. Ni ushauri mzuri, ila nako mipaka ipo. Red Hat Enterprise Linux 10, Linux ya kampuni ya Red Hat iliyotoka Mei 2025, inahitaji amri za AVX2, zilizoanza na prosesa za Haswell mwaka 2013. Celeron na Pentium kadhaa, prosesa za Intel za bei nafuu zilizotengenezwa miaka mingi baadaye, hazina amri hizo, kwa hiyo kompyuta ya bei nafuu iliyo changa kwa umri inakataliwa, na ya ghali iliyoitangulia inapokelewa. AlmaLinux, inayofuata nyayo za Red Hat, ilitoa toleo lake la 10 kwa namna mbili, moja ikiwa ya prosesa zisizo na AVX2. Vifurushi vya programu za nyongeza viitwavyo EPEL havijengwi kwa mashine hizo, basi AlmaLinux wenyewe wakajitwisha kazi ya kuvijenga upya.