Ndege mpya za Sharjah na hasara za Entebbe

Mwaka 2019 Air Arabia, shirika la nauli nafuu la Sharjah katika Falme za Kiarabu, liliagiza ndege 120 za jamii ya Airbus A320 kwa mkupuo mmoja. Kwa kuwa linaruka Entebbe, uwanja mkuu wa ndege wa Uganda, Kampala wapo wanaoingiwa na hofu: mgeni anaongeza ndege, huku Uganda Airlines, iliyorudi angani Agosti mwaka huohuo, ikirundika hasara. Mkaguzi Mkuu wa serikali alitaja hasara ya shilingi bilioni 324.9 kwa mwaka wa fedha 2022/23 pekee.

Hofu ina msingi, ila imeelekezwa siko. Wengi hudhani shirika la bei nafuu likinunua ndege mpya linafanya mbwembwe, kwamba lingekuwa nafuu kweli lingetumia makuukuu. Ni kinyume chake. A320neo, toleo jipya la A320, hula mafuta pungufu kwa takriban asilimia 15 hadi 20 ikilinganishwa na kizazi kilichotangulia, na mafuta huchukua robo hadi theluthi ya gharama za shirika. Chukua asilimia hiyo, izidishe kwa saa tano hivi za Entebbe hadi Sharjah, kisha kwa safari za mwaka mzima. Nauli inashukia hapo, wala si kwenye sandwichi unayouziwa angani.

Halafu kuna suala la aina. Air Arabia hutumia jamii moja tu ya ndege, hivyo rubani anahama ndege hii hadi ile bila kurudi darasani. Spea ni zilezile. Moja ikiharibika, dada yake anashika zamu. Uganda Airlines ilianza na CRJ900 nne, ndege ndogo za safari fupi, na A330-800 mbili, kubwa za safari ndefu. Ndege sita tu, marubani makundi mawili, spea maghala mawili, na CRJ yenyewe iliacha kuundwa mapema 2021. Hilo hatukuletewa na mgeni.

Tazama foleni ya Entebbe. Wasichana wanaokwenda kazi za Ghuba wameshika bahasha za wakala. Nyuma yao mfanyabiashara wa Kikuubo, soko la jumla la Kampala, ana begi tupu alilolikunja ndani ya jingine. Kilo atakazolipia ni za kurudi. Kwake tofauti ya dola 50 ni bidhaa.

Ni kweli pia kwamba mgeni huondoka akitaka. Fastjet, shirika jingine la nauli nafuu, ilikuja Entebbe 2014 kutoka Tanzania, 2016 ikaanza kubadili A319 zake kwa Embraer ndogo zaidi, na mwishoni mwa 2018 ikaacha kuruka hata Tanzania kwenyewe. Na faida ya tiketi za Sharjah haibaki Kampala; kuwa na shirika la nyumbani kuna maana.

Lakini kuinyima Air Arabia nafasi za kutua kungepandisha nauli ya mtu wa Kikuubo mara moja, na kusingerudisha angani CRJ hata moja inayosubiri spea.